Taa ya Kujifichia

Nimezaliwa Wesha, Pemba, katika nyumba ya mvuvi wa taa. Kwetu mwezi ukiwa mpevu boti zinalala pwani. Likiingia giza, baba na wenzake wanatoka kuelekea magharibi, wanaipiga pampu karabai, wanasubiri. Dagaa hufuata mwanga, ngisi hufuata dagaa, na mvuvi huwapata wote kwa wavu mmoja. Utotoni nilikuwa nikilala huku nikiisubiri harufu ya mafuta ya taa mlangoni, maana ikisikika hiyo, baba kesharudi salama. Kwa hiyo nilikua na jambo moja nisilolitilia shaka hata kidogo: baharini mwenye taa anaonekana, asiyetaka kuonekana huzima.

Aliyenivunjia hakika hiyo ni ngisi mwenye urefu wa kidole changu cha kati.

Nilimkuta Japani, nilikokwenda kusomea usindikaji wa mazao ya bahari. Nikapangiwa Toyama, upande wa nchi unaotazama Bahari ya Japani. Ghuba ya huko ina umbo la ajabu. Ukisimama ufukweni, nyuma yako kuna milima ya Tateyama yenye theluji, vilele vinavyopita mita 3,000, na mbele yako bahari inayoporomoka hadi zaidi ya mita 1,000, tena mporomoko wenyewe unaanza karibu na nchi kavu. Wenzangu kutoka nchi nyingine walishangaa. Mimi nilijiona niko nyumbani, kwa sababu na sisi ukikipita kisiwa cha Misali tu maji yanageuka meusi, na mkondo wa Pemba kina chake kinafika mita mia nane hivi. Nilizoea kusikia wazee wakisema kule chini kuna mambo. Sikuwahi kumsikia mmoja akiyataja ni mambo gani.

Wajapani humwita ngisi huyu hotaruika. Hotaru ni kimulimuli, ika ni ngisi. Jina lenyewe si la kale. Watu wa mji wa Namerikawa walikuwa wakimwita matsuika, mpaka mwaka 1905 alipofika kwao mtaalamu wa wanyama, Watase Shozaburo, kuuchunguza mwanga wake, naye ndiye aliyempa hilo la kimulimuli. Mwaka 1911 Mmarekani Samuel Stillman Berry akamwandika kisayansi, na jina lake la kitaalamu leo, Watasenia scintillans, limebeba jina la Watase.

Msimu wake ni kuanzia Machi hadi Juni. Wakati huo wanafunzi tulikuwa tukitafuta vibarua, na mimi nikapata kwenye kibanda kimoja cha kuchambua ngisi. Boti hutoka usiku wa manane kwenda kuinua nyavu zilizotegwa mahali pamoja, mfano wa uzio wetu wa pwani ila za kwenye kina kirefu, na kabla ya jua kupanda mzigo uko mezani. Kazi yetu ilikuwa kuwachukua ngisi waliokwisha kuchemshwa, wamevimba na kugeuka rangi ya zambarau iliyopauka, na kwa kibano kuwatoa macho, mdomo mgumu ulio mfano wa mdomo wa kasuku, na kile kijiti cheupe chembamba mgongoni kinachofanana na plastiki. Macho mawili, mdomo, kijiti, wa pili. Macho mawili, mdomo, kijiti, wa tatu. Ukimaliza zamu vidole vinanuka mpaka kesho.

Nilifanya kazi ile wiki mbili nzima bila kumtazama mnyama mwenyewe. Nayasema haya kwa masikitiko, kwa kuwa nilikuwa nimeshika mikononi mwangu maelfu ya viumbe ambao watu wanavuka nchi nzima kuja kuwaona, na mimi nikihesabu ndoo.

Aliyenigutusha ni bibi mmoja tuliyekaa naye meza moja. Siku moja asubuhi aliletewa bakuli la ngisi wabichi, wamekufa muda mfupi uliopita, akaniwekea mmoja kwenye kiganja cha mkono. Akaniashiria nitazame ncha za minyiri.

Basi nikatazama. Kiwiliwili chake kilikuwa na sentimita sita, uzito karibu gramu 10. Mgongo ulikuwa mwekundu wa kahawia kama ganda la kitunguu, na pale wekundu ulipofifia nyama yake ilikuwa ya kupenyeza mwanga, unaona kivuli cha matumbo ndani. Mapezi mawili mkiani yalikuwa yamekutana yakafanya umbo la kishada. Minyiri minane mifupi, miwili mirefu, na ukiipapasa unazikuta kulabu ndogo ndogo zinazokwaruza kama ulimi wa paka. Macho makubwa mno kwa mwili ule. Na kwenye ncha za minyiri miwili ya upande wa tumbo, punje tatu tatu nyeusi zimefuatana, mfano wa mbegu za ufuta. Hizo ndizo taa zake kubwa.

Nikamgeuza. Chini ya kila jicho kulikuwa na punje nyingine tano zimepangwa mstari. Halafu tumboni, shingoni, mpaka kwenye minyiri, nukta ndogo zisizohesabika. Baadaye niliazima darubini darasani nikaziona vizuri. Ni mamia kwa mamia, zimejaa upande wote unaotazama chini. Mgongoni kuna chache mno. Nikajiuliza: kiumbe huyu ana taa nyingi kuliko mji wetu wa Chake, mbona zote kaziweka tumboni?

Ramadhani mwaka ule iliangukia kwenye msimu wenyewe, na hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote. Kule ghubani kuna jambo wanaloliita minage, maana yake kujitupa. Katika baadhi ya usiku ngisi hawa husukumwa na mawimbi mpaka mchangani, wengi kwa wengi, na hufa pale pale. Bibi aliniambia hutokea zaidi usiku usio na mwezi, hewa ikiwa ya uvuguvugu na bahari shwari. Wenzangu wakaanza kutafuta kalenda kwenye simu. Mimi nilikuwa nayo tumboni. Kumi la mwisho mwezi huchelewa, hupungua, hupotea. Mwezi ishirini na nane hakuna haja ya kumuuliza mtu kama kuna giza.

Usiku wa kwanza nilikwenda na tochi kubwa ya kichwani, maana ndivyo nilivyowaona wengine. Ufukwe ulikuwa umejaa familia, watoto wamevaa buti za mpira mpaka kiunoni, kila mtu na kiwavu chake cha kuchotea na ndoo. Nikaona wekundu hafifu ukielea kama majani makavu. Nikachota wachache. Nikapiga picha. Nikarudi bwenini nikaitazama picha: ngisi wadogo wa kahawia kwenye ndoo ya buluu. Hamna mwanga wowote. Nilikuwa nimeona mitandaoni picha za ufukwe mzima unawaka buluu, nikadhani nimedanganywa.

Sikudanganywa, ila sikuwa najua picha zile zinapigwaje. Kamera huachwa wazi muda mrefu ikikusanya mwanga kidogo kidogo, ndiyo maana mwambao huonekana kama umemwagiwa rangi. Jicho la mtu halikusanyi hivyo. Jicho linahitaji giza, na linahitaji kungoja.

Usiku wa pili nilikwenda na bibi. Tukapita watu wote, tukaenda mbali mpaka zile taa zikawa nyuma ya gati. Akasimama, akanionyesha kichwani, akaniambia kwa Kijapani chepesi alichokuwa akinitengea: zima.

Nikazima. Sikuona hata mkono wangu. Tukakaa juu ya mawe. Baridi ilikuwa kali, maji yenyewe ukitia mkono unauma mpaka kwenye mfupa. Dakika tano, kumi, kitu kama robo saa. Nilikuwa nikisoma tasbihi kimoyomoyo ili nisiombe turudi. Kisha pale wimbi linapovunjikia nikaona kijicheche. Buluu. Kikazimika. Kingine upande wa kulia. Halafu wimbi likaleta mstari mzima, vicheche vya buluu vinapanda na kushuka pamoja na povu, kila kimoja kinawaka kivyake na kuzimika kivyake.

Nilishuka nikaingiza mikono nikamchota mmoja aliyekwama. Nilipomgusa, zile punje za minyirini ziliwaka ghafla, kali, kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma, zikaniangazia mistari ya kiganja. Nilishtuka nikataka kumtupa. Halikuwa joto hata kidogo. Mimi ni mtoto wa karabai, nina kovu la kuungua mkononi tangu nina miaka saba, na mwili wangu wote ulitarajia moto. Mwanga ule ulikuwa baridi kama maji yenyewe. Hutokea kikemia. Ndani ya mwili wake kuna dutu iitwayo lusiferini, ikikutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya hutoa mwanga, na nguvu karibu yote inaishia kwenye mwanga badala ya joto. Punje zile zina vifuniko vya ngozi nyeusi. Akitaka mwanga huvifungua, akitaka giza huvifunga, kama mtu anayefunika taa kwa kiganja.

Taa za minyirini, kwa hiyo, ni za kumbabaisha adui. Anawasha ghafla, adui anaukimbilia mwanga, yeye anazima na keshaondoka. Hilo nililielewa palepale. Za tumboni ndizo zilizonishinda. Zenyewe haziwaki kwa kushtuka. Zinatoa mwanga mnyonge, wa kudumu, tena kwenye upande ambao kila samaki mla ngisi aliye chini anautazama. Kwa hesabu za kwetu, huko ni kujichongea.

Niliporudi, tukala daku ya wali wa baridi na samaki, na baada ya alfajiri nikampigia baba. Pemba ilikuwa bado usiku, lakini mwezi ulikuwa wa giza na nilijua yuko macho.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hujalala?”

Nikamhadithia yote. Nikamwambia ngisi mwenyewe mchana hukaa chini sana, mita 200 hadi 600, usiku hupanda juu kula vidudu vidogo vinavyoelea. Na taa zake ziko tumboni. Akanyamaza. Nikasikia mashine ya boti ikipiga pole pole.

“Jodari mgongo wake una rangi gani?” akaniuliza.

“Mweusi, wa buluu.”

“Na tumbo?”

“Jeupe.”

“Kwa nini?”

Swali hilo alikuwa akiniuliza tangu mdogo, na jibu lake ninalo. Ukimtazama kutoka juu unamkosa kwa sababu mgongo umefanana na kina. Ukimtazama kutoka chini unamkosa kwa sababu tumbo limefanana na mbingu.

“Basi huyo wako,” baba akasema, “kule aliko weupe hautoshi. Tumbo lake jeupe ameliwasha.”

Nilikuja kuyasoma hayo hayo kwenye vitabu, kwa maneno marefu zaidi. Kwenye mita mia kadhaa mwanga wa juu unafika kidogo, wa buluu tupu. Aliye chini akitazama juu anaona dari yenye weupe hafifu, na kila kinachopita chini ya dari hiyo kinaonekana kama doa jeusi, kivuli. Ngisi huyu huwasha nukta zake za tumboni kwa kiasi kile kile cha mwanga unaoshuka, kivuli kinajazwa, doa linafutika. Kumbe kule chini asiye na taa ndiye anayeonekana. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Kila kitu nilichofundishwa nyumbani kuhusu taa na bahari kilikuwa kweli, lakini ni kweli ya mtu aliye juu ya maji.

Kuna na habari ya macho yake, ambayo binafsi naiona kubwa kuliko hata hiyo ya taa. Ngisi na pweza karibu wote hawajui rangi. Ndani ya jicho wana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, na kwa aina moja huwezi kulinganisha, huwezi kujua hii ni buluu na hii ni kijani. Huyu ana aina tatu. Moja hupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 484 (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), nyingine kama 470, nyingine kama 500, yaani buluu, buluu nyingine, na buluu inayoelekea kijani. Hizi za ziada zimewekwa kwenye sehemu ya jicho inayopokea mwanga kutoka juu. Na zile nukta za ngozini, baadhi hutoa buluu, baadhi hutoa kijani. Ukiyaweka pamoja unaona mnyama anayeweza kuutenga mwanga wa jua uliochujwa na maji na mwanga wa kiumbe mwenziwe anayeogelea juu yake. Yaani kujificha kule kote, huenda yeye mwenyewe ana jicho la kukufichua. Kichwa chake chote kingeweza kukaa kwenye kijiko cha chai.

Mwisho wa Ramadhani nilielewa na ule ufukwe. Karibu wote tuliokuwa tukiwachambua walikuwa majike. Madume hufa mapema, baada ya kupandana. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, na majira ya kuchipua hupanda kutoka kwenye kina kuja kutaga karibu na pwani, usiku, mayai yakiwa yamefungwa ndani ya uzi wa utelezi kama wa bamia. Kabla ya asubuhi hurudi chini. Pale Toyama kina kimesogea sana, njia ya kupanda ni fupi mno, na wimbi likiwakuta kwenye giza tupu huwabwaga mchangani. Wanaosema wamepoteza mwelekeo kwa kukosa mwanga wa mwezi wana hoja inayoniingia akilini, baada ya kuyaona macho yale. Umri wake wote ni mwaka mmoja.

Nilipoyajua hayo sikuacha kazi ya kibandani, wala sikuona ubaya wa kuwala. Bahari ile inatambuliwa kisheria. Eneo wanapokusanyika, kuanzia Uozu mpaka jiji la Toyama, ukanda wa kilomita kama 15, lilitangazwa urithi wa asili mwaka 1922, na 1952 likapandishwa daraja kuwa urithi wa pekee. Kinacholindwa ni mahali pa mkusanyiko, na uvuvi wa nyavu za kutega unaendelea. Nilipenda mpango huo. Mvuvi anaila bahari na anailinda, mtu yule yule.

Lakini kuna jambo la kuwatahadharisha wanaopenda kula vibichi. Mwenzetu mmoja wa bwenini alichota ngisi ufukweni usiku, akawala palepale bila kuwapika, akasema ndiyo utamu wa Kijapani. Siku ya pili tumbo lilimkata mpaka akajikunja sakafuni, tukampeleka hospitali. Ndani ya matumbo ya ngisi huyu huweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo wembamba kama uzi. Wauzaji wanaojua kazi humgandisha kwenye nyuzi hasi 30 kwa siku nne au zaidi kabla ya kumuuza mbichi, au humtoa matumbo, au humchemsha. Bibi alikuwa akiwachemsha na kuwala kwa mchuzi mzito wa siki na miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa. Mimi niliwakamulia limau, nikatia pilipili, nikala kwa wali wakati wa futari. Tumbo lake lina mafuta matamu, mfano wa ini la kuku.

Nilirudi Pemba mwaka uliofuata. Karabai baba keshaiacha, siku hizi ni taa za LED na betri. Nikamwomba anichukue usiku mmoja. Mwanamke kwenye boti ya dagaa si jambo la kila siku, na mmoja wa vijana alisita, baba akamjibu kwamba huyu ni mtoto wangu na bahari hii ni yake. Tukatoka baada ya isha. Tukaipita Misali, maji yakageuka. Taa zikawashwa, dagaa wakaanza kuzunguka chini kama vumbi la fedha.

“Baba, zima kidogo.”

Akanitazama. Dagaa walikuwa wamekaa vizuri. Akazima.

Tulikaa kimya. Nilimwambia asubiri, macho yanahitaji muda, akasema analijua hilo kabla sijazaliwa. Baada ya muda maji ubavuni yakaanza kumeremeta kila boti ilipoyumba, chembe chembe tu, zile tunazoziona siku zote tukichovya kasia.

“Na huku chini wapo?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Yule mwenyewe ni wa Japani. Ndugu zake wa ukoo mmoja wapo kwenye Bahari ya Hindi, na taa zao tumboni.”

Boti ya pili wakapiga kelele kuuliza kulikoni, betri imekufa? Baba hakuwajibu. Alikuwa ameinama ubavuni, mkono mpaka kwenye kiwiko umo majini.